Muundo wa masimulizi binafsi ya mdomo

Muundo wa masimulizi binafsi ya mdomo ni mpangilio wa sehemu na vishazi katika hadithi ambayo mtu anaisimulia kwa sauti kuhusu jambo lililompata yeye mwenyewe. Uchunguzi wake ni sehemu ya isimu, hasa isimujamii na uchambuzi wa usemi. Masimulizi ya aina hii ni tofauti na ngano. Ngano ina mianzo yake maalumu kama "Paukwa!" na "Pakawa!", na hakuna anayemuuliza msimulizi wa ngano kama alikuwepo sungura alipomdanganya fisi. Anayesimulia yaliyompata hudai kwamba alikuwepo, na msikilizaji ana haki ya kumwamini au kutomwamini.

Makala hii inaeleza muundo huo kwa mifano ya Kiswahili. Inarejea mara kwa mara kata ya Kemambo, wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara nchini Tanzania, kwa sababu huko hadithi ya mtu mmoja huweza kupita katika lugha tatu na ofisi kadhaa kabla ya kuamuliwa kama ni ya kweli.

Chimbuko la uchunguzi

Msingi wa uchunguzi huu uliwekwa na wanaisimu wa Marekani William Labov (1927 – 2024) na Joshua Waletzky katika makala yao ya mwaka 1967. Labov hakuanza kwa kutafuta hadithi. Alitaka kusikia namna watu wa kawaida wanavyoongea wasipojichunga, na shida yake ilikuwa kwamba mtu akiona kinasa sauti huanza kuongea kama mwalimu. Dawa aliyoipata ilikuwa swali moja: je, umewahi kuwa mahali ukadhani sasa unakufa? Aliyejibu ndiyo alilazimika kueleza ilikuwaje, na katika kueleza alijisahau.

Rekodi za namna hiyo, nyingi zikiwa za vijana na watu wazima Weusi wa mtaa wa Harlem mjini New York, zilimwonyesha Labov kitu ambacho hakukitarajia. Watu ambao shule iliwahesabu kuwa hawajui kujieleza walikuwa wakipanga hadithi zao kwa ustadi mkubwa, na mpangilio wenyewe ulifanana kutoka msimulizi mmoja hadi mwingine. Mwaka 1972 aliupanua uchambuzi huo katika kitabu chake juu ya lugha ya vitongoji vya mjini, na sura hiyo ndiyo inayotajwa zaidi hadi sasa.

Sehemu za masimulizi

Kwa Labov, kiini cha masimulizi ni kishazi simulizi, yaani kishazi ambacho hakiwezi kuhamishwa mahali pake bila kubadilisha mfuatano wa matukio. "Akanitukana, nikampiga" si sawa na "Nikampiga, akanitukana". Mahakama yoyote inaijua tofauti hiyo. Vishazi viwili vya namna hii, vikifuatana kama matukio yalivyofuatana, vinatosha kuwa hadithi. Vishazi vingine, vinavyoweza kusogezwa mbele au nyuma bila kuharibu mfuatano, ni vishazi vya kando.

Hadithi iliyokamilika inaweza kuwa na sehemu sita. Wataalamu wa Kiswahili hawajakubaliana majina yake, na yanayotumika hapa ni dokezo, mandhari, tukio, tathmini, tokeo na kimalizio. Sehemu ya lazima ni tukio peke yake. Nyingine hujitokeza au kuachwa kutegemea msimulizi, msikilizaji na muda uliopo. Labov alipendekeza kuziona kama majibu ya maswali ambayo msikilizaji angeuliza. Dokezo linajibu hadithi inahusu nini. Mandhari hujibu nani, lini na wapi. Tukio hujibu ikawaje. Tokeo hujibu iliishaje. Tathmini inajibu swali ambalo kila msimulizi analiogopa: kwa hiyo? Kimalizio hakijibu swali lolote. Kazi yake ni kuwarudisha watu kutoka wakati wa hadithi hadi wakati wa maongezi.

Mfano ufuatao umetungwa kwa ajili ya maelezo tu. Msimulizi ni mama anayeishi karibu na mto Mara, na vishazi vimepewa namba kama wafanyavyo wachambuzi.

1. Mimi huo mto ulishataka kunichukua.
2. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua zimekolea,
3. nami nilikuwa natoka mnadani upande wa pili, nina mbuzi wawili.
4. Basi tukapanda mtumbwi, watu sita.
5. Tulipofika katikati, mbuzi mmoja akaruka.
6. Mtumbwi ukalala upande.
7. Maji yakaingia.
8. Nikasema moyoni, leo wanangu wanalala yatima.
9. Na mimi kuogelea sijui, hata kidogo.
10. Yule mwenye mtumbwi akanishika nguo ya mgongoni,
11. akanivuta,
12. tukashika majani ya ng'ambo.
13. Mpaka leo mto ukijaa, mimi nazunguka darajani.

Kishazi cha 1 ni dokezo: hadithi nzima kwa maneno matano. Vya 2 na 3 ni mandhari. Tukio linaanza kishazi cha 4 na kupanda hadi cha 7. Cha 8 na cha 9 ni tathmini. Cha 10 hadi cha 12 ni tokeo. Cha 13 ni kimalizio. Vishazi vya 6 na 7 vikibadilishana nafasi, hadithi inakuwa nyingine: maji yakaingia, mtumbwi ukalala upande. Hapo mbuzi hana kosa tena, na pengine mtumbwi ulikuwa na tundu. Kishazi cha 9, kinyume chake, kinaweza kuhamia mwanzo kabisa baada ya cha 3 bila kuharibu mfuatano. Kimewekwa pale kilipo kwa makusudi.

Kiambishi -ka- na mfuatano wa matukio

Labov alichambua Kiingereza, ambapo kishazi simulizi hutambulika kwa nafasi yake tu. Kiswahili kinamsaidia mchambuzi zaidi, kwa kuwa kina kiambishi cha kazi hiyo. Kwa kawaida msimulizi hufungua na -li- na kuendelea na -ka-: "Nilikwenda sokoni, nikanunua ndizi, nikarudi nyumbani." Kila -ka- husema jambo hili lilifuata lile. Katika mfano wa hapo juu, vishazi vyote vya tukio na tokeo vina -ka-, na mandhari haina hata moja. Mandhari hutumia -li-, "nilikuwa" pamoja na kitenzi kingine, au -me- ya hali, kama "mvua zimekolea".

Haifuati kwamba -ka- ni sawasawa na kishazi simulizi. Kishazi cha 8 kina -ka- ("nikasema moyoni") lakini uzito wake uko katika maneno yaliyosemwa, na hakuna aliyeyasikia isipokuwa msimulizi mwenyewe. Pia msimulizi akifika mahali pa moto anaweza kuiacha -ka- na kuingia wakati uliopo: "Namwona mamba huyu hapa, anakuja." Msikilizaji hachanganyikiwi. Anaelewa kwamba amesogezwa karibu.

Jambo lisilotajwa sana vitabuni linahusu ukanushi. Katika usemi wa kawaida -ka- haina umbo lake la kukanusha linalotumika kama lile la kuyakinisha. Anayetaka kusema kwamba jambo halikutokea hulazimika kutoka katika mnyororo na kutumia -ku-: "Nikaita, nikaita, hakuitika mtu." Labov aliona kwamba ukanushi katika hadithi mara nyingi ni tathmini, kwa sababu kutaja lisilotokea ni kulilinganisha lililotokea na lile lililotarajiwa. Sarufi ya Kiswahili inaonekana kukubaliana naye: kisichotokea hakina nafasi katika safu ya matukio, na kikitajwa hujulikana mara moja kwa umbo lake.

Lugha nyingine za Kibantu zina njia zake. Steve Nicolle alilinganisha masimulizi ya lugha kadhaa za Kibantu za Afrika Mashariki, zikiwemo baadhi za Mkoa wa Mara, katika kazi iliyotolewa mwaka 2015. Ulinganisho wa namna hiyo unaonyesha kwamba lugha zilizo jirani haziugawi wakati kwa namna moja, na kwamba mtu hawezi kuuchukua utaratibu wa -li- na -ka- wa Kiswahili akauvika lugha ya kijiji cha pili.

Tathmini

Tathmini ndiyo sehemu iliyompa Labov sifa, na ndiyo ngumu kuishika. Inaweza kusimama nje ya hadithi, msimulizi akisimamisha matukio na kusema wazi: "Hapo nilijua nimekwisha." Inaweza pia kufichwa ndani ya tukio. Kumnukuu mtu badala ya kueleza alichosema ni tathmini. Kurudia ("nikaita, nikaita") ni tathmini. Vivyo hivyo tanakali sauti: mtu akianguka "pu!" hajaanguka sawa na aliyeanguka tu. Neno "hata", neno "eti", kuvuta sauti, kunyamaza kabla ya jambo kuu, kupiga kofi, vyote hufanya kazi hiyo hiyo.

"Eti" inastahili kuangaliwa kwa makini. Msimulizi akisema "Eti niliiba ng'ombe", amenukuu shutuma na kuikana kwa neno moja. Anayeandika "Alisema aliiba ng'ombe" amegeuza kanusho kuwa ungamo.

Katika mfano wa mtumbwi, tathmini imewekwa kati ya maji kuingia na mwenye mtumbwi kunyoosha mkono. Hapo ndipo msikilizaji anapotaka zaidi kujua mwisho, na msimulizi anamzuia kwa vishazi viwili. Labov aliona ucheleweshaji wa namna hii mara nyingi katika rekodi zake. Ukiondoa vishazi hivyo, matukio yote yanabaki na mfuatano wake unabaki, lakini hadithi inakuwa taarifa ya bima.

Kemambo: hadithi katika lugha tatu

Kemambo iko upande wa kusini wa wilaya ya Tarime, katika eneo linalojulikana zaidi kwa jina la Nyamongo, kwenye mgodi wa dhahabu wa North Mara. Mto Mara unapita kusini yake na ng'ambo ni wilaya ya Serengeti. Wakazi wengi ni Wakurya (huandikwa pia Wakuria). Kikurya ni lugha ya nyumbani, Kiswahili ni lugha ya shule, soko na mikutano ya serikali ya kijiji, na Kiingereza hukutwa kwenye makaratasi ya kampuni na kwa muda mrefu kilikuwa lugha ya kumbukumbu za mahakama za juu.

Swali la Labov juu ya hatari ya kifo halihitaji kufikiriwa sana mahali kama hapa. Tarime imejulikana kwa miaka mingi kwa wizi wa mifugo na mapigano ya koo. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher alifanya utafiti wilayani humo katika miaka ya 1990 na kuandika kitabu juu ya wezi wa ng'ombe wa Kikurya, kilichotoka mwaka 2000, akitegemea sana maelezo ya watu wenyewe. Baada ya mgodi kuanza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2002, ziliongezeka hadithi za aina nyingine: kuhamishwa, fidia, na makabiliano kati ya walinzi au polisi na watu wanaoingia kuokota mawe yenye dhahabu. Tarehe 16 Mei 2011 watu watano waliuawa kwa risasi mgodini hapo. Mwaka 2013 kundi la wakazi lilifungua madai katika Mahakama Kuu ya London dhidi ya kampuni iliyomiliki mgodi wakati huo, African Barrick Gold, ambayo ilikana kuwajibika. Madai hayo yalimalizika kwa makubaliano nje ya mahakama mwaka 2015, bila kesi kusikilizwa.

Kwa mtazamo wa isimu, safari ya hadithi moja kutoka Kemambo hadi London inapita mahali pengi pa kupotea. Kikurya, tofauti na Kiswahili, kina maumbo ya kitenzi yanayotenga baadhi ya mambo ya leo na yale yaliyopita bila kutajwa muda wake. Kiswahili kina -li- moja kwa asubuhi hii na kwa miaka thelathini iliyopita. Umbali ambao msimulizi ameutaja ndani ya kitenzi hupotea katika tafsiri ya kwanza, isipokuwa mkalimani aongeze neno la kuurudisha. Katika tafsiri ya pili, kwenda Kiingereza, mnyororo wa -ka- hugeuka kuwa wakati uliopita wa kawaida, na kilichokuwa mfuatano wa wazi kinasomeka kama orodha ya mambo yaliyotokea.

Hadithi mbele ya dawati

Kinachobadilika zaidi ni nani anayeuliza. Mbele ya iritongo, yaani mkutano wa jadi wa Wakurya, au nyumbani jioni, msimulizi anaanzia anapotaka. Kituoni anaandikisha maelezo, na maelezo hufuata utaratibu wa anayeandika: jina, umri, kabila, kazi, kisha tarehe na saa. Mandhari inatangulia kwa lazima na inadai usahihi ambao msimulizi wa mdomo hajawahi kuudai. "Mvua zimekolea" si tarehe. Akisukumwa atoe tarehe atatoa moja, na miezi sita baadaye akiulizwa tena anaweza kutoa nyingine. Tofauti hiyo ndiyo itakayosomwa kama uongo, ingawa mfuatano wa matukio haukubadilika hata kidogo.

Sheria ya mwenendo wa makosa ya jinai ya Tanzania inaeleza kwamba ushahidi katika mahakama za chini kwa kawaida uandikwe kwa namna ya masimulizi, si kwa namna ya maswali na majibu. Kwa hiyo shahidi hujibu swali baada ya swali, na hakimu huandika aya zenye "mimi" kama kwamba shahidi aliongea mfululizo. Masimulizi yapo, ila aliyeyapanga si aliyeyaishi. Hadi hivi karibuni aya hizo, nje ya mahakama za mwanzo, ziliandikwa kwa Kiingereza hata pale kesi ilipoendeshwa kwa Kiswahili. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, jambo lililopunguza hatua moja ya tafsiri. Kwa anayeanza na Kikurya hatua nyingine ingali pale.

Tathmini ndiyo inayoondolewa kwanza. Haihesabiwi kuwa ushahidi: "leo wanangu wanalala yatima" si jambo ambalo mtu mwingine aliliona. Lakini katika hadithi yenyewe ndiyo inayoeleza kwa nini mtu alifanya alichofanya, kwa mfano kwa nini alikimbia kuelekea ukuta badala ya kuukimbia. Bila hiyo matendo yanabaki yakiwa hayana sababu, na msomaji wa karatasi huweka sababu anayoijua yeye.

Mwanaisimu Mbelgiji Jan Blommaert, ambaye alianza kazi yake kwa kuchunguza Kiswahili nchini Tanzania, alionyesha jambo linalofanana katika makala ya mwaka 2001 kuhusu Waafrika walioomba hifadhi nchini Ubelgiji. Hadithi zao zilikuwa ndefu, zikizunguka kueleza mahali na jamaa, kwa sababu bila maelezo hayo yaliyofuata hayakueleweka. Ofisi ilizifupisha, ikazilinganisha na maelezo mengine, na matokeo ya ufupisho yakahesabiwa kuwa utata wa mwombaji. Blommaert aliita hali hiyo ukosefu wa usawa katika masimulizi.

Kwa Kiswahili chenyewe, uchunguzi mkubwa zaidi wa hadithi mbele ya sheria ni wa Susan Hirsch, ambaye kitabu chake cha mwaka 1998 kinahusu mahakama za kadhi za pwani ya Kenya. Aligundua kwamba wanawake hufika wakisimulia, wakati wanaume zaidi hutamka na kukana. Jambo hilo lina ncha mbili. Mke mwema anatarajiwa kuvumilia na kutotoa siri za nyumba, hivyo kusimulia kwenyewe kunamtia doa. Lakini ni kwa hadithi hizo hizo wanawake wengi walipata walichokitafuta.

Ukosoaji

Wanaisimu wengi wanakubali sehemu sita kama chombo cha kuanzia, ila wanapinga picha ya msimulizi peke yake. Emanuel Schegloff alisema mwaka 1997 kwamba hadithi za Labov zilizaliwa na swali la mtafiti, na kwamba katika maongezi ya kawaida hadithi hutokea kwa sababu fulani na kwa mtu fulani. Elinor Ochs na Lisa Capps, katika kitabu chao cha mwaka 2001, walionyesha familia zikisimulia pamoja mezani, kila mmoja akisahihisha. Yeyote aliyewahi kusikiliza hadithi Afrika Mashariki atawaelewa: kuna "enhee", kuna "ikawaje?", kuna shangazi anayesema haikuwa Jumanne. Msimulizi anayesikilizwa kimya kabisa huanza kushuku kuna nini.

Ukosoaji wa Labov juu yake mwenyewe haujulikani sana. Katika kazi zake za baadaye, kuanzia mwaka 1997, alishughulika zaidi na namna msimulizi anavyogawa lawama: anaanzia wapi mnyororo wa matukio, nani anapewa kitenzi cha kutenda na nani anatajwa kwa kitenzi cha kutendwa. "Nilipigwa" na "alinipiga" ni tukio moja.

Kukusanya masimulizi

Mwanafunzi anayekusanya hadithi kwa uchambuzi hurekodi sauti kwanza, kwa idhini, kisha huandika kila kishazi kwenye mstari wake na kukipa namba. Huandika pia maneno ya msikilizaji, kicheko na kimya, na haondoi "basi", "sasa" wala "eti" kwa kuyaona ni uchafu. Msimulizi akichanganya lugha, maneno huandikwa katika lugha yalimosemwa, tafsiri ikiwekwa chini yake. Hadithi huachwa ianze inapoanza. Maswali ya tarehe na umri huulizwa baada ya kimalizio.

Katika kata ndogo, kuficha jina hakutoshi. Kijiji, ukoo, mwezi na aina ya jeraha vikiwekwa pamoja, jirani atamjua msimulizi mara moja, na kama hadithi inahusu ng'ombe walioibwa au mtu aliyepigwa risasi, si jirani peke yake atakayeisoma.